Shangazi wa Vitabu: Wasichana 35 kwa Mwanamfalme Mmoja

Tangu nilipogusia kwenye toleo lililopita riwaya za vijana zenye mashindano ya kumpata mwanamfalme, barua zimenimiminikia kuliko hata zile zilizohusu riwaya za majoka. Nimezipunguza urefu, nimerekebisha tahajia hapa na pale, na matusi ya bwana mmoja nimeyaacha kapuni. Wengi mnaizungumzia The Selection ya Kiera Cass, basi nami naanzia hapo.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 16. Nimemaliza The Selection, nikalia, nikacheka, nikaanza upya. Kaka yangu amesoma maneno ya nyuma ya jalada tu, akasema ni upuuzi wa wasichana kugombania mwanamume. Sikujua nimjibu nini. Kweli ni upuuzi?*
— Msomaji wa Usiku

Marahaba, mwanangu. Mwulize kaka yako kama amewahi kusikia ngano ya mfalme aliyetangaza kwamba atakayeliua joka atapewa binti yake na nusu ya ufalme. Lazima ameisikia, tena bila shaka aliipenda, na hakuna aliyemwambia kuwa ni upuuzi wa wavulana kugombania mwanamke. Yule wa kwenye ngano anaitwa shujaa. Binti mwenyewe mara nyingi hana hata jina; anakabidhiwa mwishoni pamoja na mashamba. Katika kitabu chako walau wasichana wanazungumza.

Kwa wasiokijua: kilitoka 2012. Nchi inaitwa Illéa, imesimama mahali palipokuwa Marekani baada ya vita, na watu wake wamepangwa katika matabaka 8. La Kwanza ni la kifalme, la Nane ni la wale ambao hakuna anayetaka kuonekana nao. America Singer ni wa tabaka la Tano, la wasanii na wanamuziki, na kwao kuna siku chakula hakitoshi. Mpenzi wake wa siri, Aspen, ni wa tabaka la Sita, la watumishi. Wasichana 35, mmoja kutoka kila jimbo, wanaitwa kwenye kasri ili Mwanamfalme Maxon achague mke miongoni mwao, na muda wote binti akiwa huko familia yake inalipwa.

Hapo ndipo maneno ya nyuma ya jalada hayakumfikisha kaka yako. America hakwenda kugombania mwanamume. Alijaza fomu kwa sababu ya shida za nyumbani, na kwa sababu Aspen mwenyewe alimsihi ajaze, kisha akamwacha kabla hajaondoka. Akifika anamweleza Maxon waziwazi kwamba hakuja kwa mapenzi, na wanakubaliana awe rafiki yake ndani ya jumba lile lililojaa wachumba. Binti anayeingia kwenye mashindano ya ndoa kwa ajili ya posho ya wazazi wake, hiyo ni habari nzito, hata kama imevikwa hariri.

Kasoro kinazo, sikatai. Magauni yanaelezwa kwa kirefu kuliko vita, na waasi huvamia kasri kila mwandishi anapohitaji watu wakimbie. Lakini mimi nina tabia yangu ninaposoma vitabu vya namna hii. Kwenye ukurasa mtupu wa mwisho naandika kwa penseli jina la kila msichana anayetolewa, na mbele yake kilichompata. Orodha ikinishika kuliko harusi, kitabu kimefanya kazi. Ikibaki majina matupu, hapo ndipo nitakaa upande wa kaka yako.

*Shangazi, mashindano kama haya yamewahi kutokea kweli, au ni mambo ya kubuni tu?*
— Mdadisi

Yametokea, ndugu yangu, tena karne kwa karne. Keti vizuri.

Cass mwenyewe amekwisha kusema kwamba wazo lilimjia kwa kuwafikiria Esta na Cinderella. Fungua basi Kitabu cha Esta. Mfalme Ahasuero, mtawala wa majimbo 127, anamwita Malkia Vashti aje aonyeshwe uzuri wake mbele ya wageni waliolewa mvinyo. Vashti anakataa. Anavuliwa umalkia, na mabikira wazuri wanakusanywa kutoka kila jimbo hadi Shushani, chini ya towashi Hegai. Kila mmoja anatayarishwa kwa miezi 12: miezi 6 kwa mafuta ya manemane, miezi 6 kwa manukato. Watu wengi hukumbuka mpaka hapo, wakaruka moja kwa moja hadi taji la Esta. Soma tena sura ya pili, aya ya 14. Msichana aliingia kwa mfalme jioni, na asubuhi hakurudi kwao. Alipelekwa nyumba ya pili ya wanawake, chini ya towashi mwingine aitwaye Shaashgazi, na hakumwona tena mfalme isipokuwa aitwe kwa jina. Hebu fikiria ni wangapi hawakuitwa. Kuna riwaya nzima imelala ndani ya aya ile.

Kwa Wabizanti, watu wa dola ya Kirumi ya mashariki, huko Konstantinopoli (Istanbul ya leo), desturi hii inatajwa tangu mwaka 788, alipotafutiwa mke Konstantino wa Sita. Kisa mashuhuri zaidi ni cha mwaka 830. Kaizari mchanga Theofilo anapita mbele ya wasichana akiwa na tofaa la dhahabu la kumpa atakayemchagua. Anasimama mbele ya Kassia, mzuri na msomi, na kumchokoza kwamba mabaya yalikuja kupitia mwanamke, akimaanisha Hawa. Kassia anamjibu papo hapo kwamba yaliyo bora nayo yalikuja kupitia mwanamke, yaani Mariamu. Kaizari akanywea, akasonga mbele, tofaa akampa Theodora. Wanahistoria wanabishana kama mazungumzo yale yalikuwepo kweli, au yalitungwa baadaye na watu waliopenda hadithi nzuri. Kassia mwenyewe hana ubishi: alikuwa mtawa, akaanzisha monasteri yake, akatunga nyimbo za ibada, na utenzi wake mmoja bado huimbwa katika makanisa ya Kiorthodoksi kila Juma Kuu. Theofilo anaimbwa wapi?

Lakini anayenikosesha usingizi ni Maria Khlopova wa Urusi. Watawala wa Moscow walichagua wake kwa kukusanya mabinti tangu mwaka 1505, zama za Vasily wa Tatu, na Ivan wa Nne alimpata Anastasia kwa njia hiyohiyo mwaka 1547. Mwaka 1616 ikawa zamu ya Mikhail, tsari (yaani mfalme wa Urusi) wa kwanza wa ukoo wa Romanov, kijana asiyetimiza hata miaka 20. Akampenda Maria. Binti akahamia kasri, akapewa jina jipya la kifalme, akaanza kuitwa kama malkia mtarajiwa. Kisha akaanza kutapika, siku baada ya siku. Ikatangazwa kwamba hana afya ya kuzaa, na yeye na jamaa zake wakapelekwa uhamishoni Siberia.

Miaka 7 baadaye, 1623, baba yake tsari akaamuru uchunguzi ufanyike. Waganga waliomtibu wakahojiwa, binti akapimwa upya, akaonekana mzima. Lawama ikawaangukia ndugu wawili wa ukoo wa Saltykov, jamaa za mama yake tsari, ambao hawakutaka ukoo mwingine upande juu yao. Na chanzo cha uhasama? Upanga. Katika ghala la silaha, mbele ya tsari, Mikhail Saltykov alijigamba kuhusu upanga wa Kituruki kwamba mafundi wa Moscow watautengeneza kama ule. Mjomba wa Maria akasema watautengeneza, ila hautalingana na ule. Wakarushiana maneno. Muda si mrefu mchumba wa tsari akaanza kuumwa. Akina Saltykov nao wakafukuzwa kwenye baraza, lakini mama yake tsari akakataa katakata kumpokea Maria, na ndoa haikufungwa. Tsari akaoa mwingine mwaka 1624, na mke huyo akaugua na kufa ndani ya miezi michache. Maria hakurudishwa Moscow.

Mwana wa Mikhail, Aleksei, akarudia yaleyale mwaka 1647. Akamchagua Evfimia Vsevolozhskaya, msichana akazimia katika shughuli za kasri, ikasemwa ana kifafa, na jamaa zake nao wakapelekwa Siberia. Yapo masimulizi kwamba nywele zake zilisukwa kwa kukazwa makusudi mpaka damu ikashindwa kupita vizuri kichwani. Mwaka uliofuata Aleksei akamwoa Maria Miloslavskaya, chaguo la mwalimu wake Boris Morozov, na siku chache tu baadaye Morozov naye akamwoa dada wa bibi harusi. Mwenye macho haambiwi tazama.

China ya nasaba ya Qing nitaipitia mbiombio. Huko mabinti wa koo za Bendera Nane (vikosi walimopangwa Wamanchu waliotawala China na washirika wao) waliletwa kukaguliwa kasri kila baada ya miaka 3, na hawakuruhusiwa kuposwa na mtu mwingine kabla ya kukaguliwa. Mmoja aliyeingia kwa mlango huo mwaka 1852 akiwa suria wa daraja la chini ndiye aliyekuja kuitawala China kwa miongo mingi: Cixi.

Kwa hiyo, Mdadisi, riwaya hizi zikikosa kitu, si ukweli wa mambo. Mara nyingi zimekuwa za upole kupita kiasi.

*Mama mwenzangu, binti yangu ana miaka 13 na vitabu hivi havimtoki mkononi. Naogopa vinamfundisha kwamba maisha ni kukaa kwenye foleni ukingoja kuchaguliwa. Nimnyang'anye?*
— Mama Mwenye Wasiwasi

Usimnyang'anye, mama mwenzangu. Atakisoma chini ya shuka, na huko chini ya shuka wewe hutakuwepo kumsikia anafikiri nini. Hofu yako ni ya haki lakini, wala sitakuambia ni hadithi tu. Viko vitabu vya aina hii ambavyo msichana anapewa uzuri, ukali kidogo wa ulimi ili aonekane tofauti na wenzake, na hana analolitaka duniani ila macho ya kijana mmoja. Wenzake wote ni wapumbavu au wanafiki. Hivyo sivipendi, na sababu yenyewe ni hao wenzake. Msichana anayesoma anafundishwa kwamba yeye peke yake ndiye mtu na wengine ni takataka.

Kisome naye. Usimwulize amejifunza nini. Watoto wanalijua swali hilo na wana jibu lake tayari. Mwulize angemtoa nani kwanza, na kwa nini. Mwulize aliyetolewa amerudi nyumbani na nini mkononi, na nani aliyeandika masharti ya mashindano. Utashangaa atakavyoanza kumkasirikia mfalme badala ya kumwonea wivu mshindi.

(Ambao hamjafika kitabu cha pili, rukeni aya hii.) Kama binti yako anasoma mfululizo wa Cass, ngojeni mfike The Elite, cha mwaka 2013. Mmoja wa wasichana, Marlee, rafiki wa America, anakutwa na mlinzi anayempenda. Wote wawili wanachapwa viboko hadharani na kushushwa mpaka tabaka la Nane. Mpaka hapo msomaji amekuwa akila keki na kuhesabu lulu, na ghafla anaona kilicho chini ya zulia. Ni tukio kali kwa miaka 13, lakini ningekuwa wewe ningetaka tulisome pamoja kuliko alisome peke yake. Kuhusu mambo ya chumbani, usihofu sana: kuna mabusu mengi, na si zaidi.

*Shangazi, naandika riwaya yangu ya kwanza: wasichana 20, kasri moja, mwanamfalme mmoja, na uchawi. Wasomaji wangu wa mwanzo wanasema wanawachanganya wasichana. Nifanyeje?*
— Mwandishi Mchanga

Kabla ya safu hii nilikaa miaka mingi kwenye kiti cha uhariri, na miswada ya namna hii nimeipitia mpaka naitambua kwa ukurasa wa kwanza: kioo, kitana, na macho ya rangi isiyo ya kawaida. Kwa hiyo utanisamehe nikikuambia mambo kwa ukali kidogo.

Wasomaji wako hawawachanganyi wasichana kwa sababu ni 20. Wanawachanganya kwa sababu wote 20 wanataka kitu kimoja. Mwandishi akiwatofautisha kwa nywele na rangi ya gauni, amewapa alama badala ya nafsi, kama mchungaji anayepaka rangi mbuzi wake. Chukua wasichana 6 tu uwape kila mmoja shida yake, isiyohusiana na mwanamfalme. Mmoja anatafuta mahali pa kujificha na baba yake. Mmoja ametumwa na ukoo na atapigwa akirudi mikono mitupu. Mmoja anataka maktaba ya kasri, basi. Mwanamfalme anamkera kwa kumkatiza. Wengine 14 waache wawe umati, watajwe kwa majimbo yao, na wengi wao waondoke mapema. Hata Cass aliyeanza na 35 anaingia kitabu cha pili akiwa amebaki na 6, na si kwa bahati.

Uchawi wako sijauona, hukuniambia ni wa aina gani. Naomba tu usiwe wa kumsaidia mhusika mkuu kushinda. Uwe na gharama, na gharama hiyo imwangukie mtu aliye karibu naye.

Masharti ya mashindano yaeleze mapema, kwa ufupi, kisha uyaheshimu. Hakuna kinachomuudhi msomaji kama mfalme anayetangaza sharti jipya sura ya 18 kwa sababu mwandishi amekwama. Ukitaka sharti livunjwe, livunjwe na mtu, tena kwa sababu: Morozov yule wa Moscow hakubadilisha kanuni hata moja, inasemwa alihakikisha tu kwamba msichana anayemtaka ndiye anayebaki amesimama. Huyo ndiye adui unayemhitaji. Msichana mwenye ulimi mchungu anayemwaga mvinyo kwenye gauni la mwenzake tumemchoka, mwanangu. Mtafutie mjomba, mama mkwe, waziri, daktari aliyelipwa. Na msichana mwenye ulimi mchungu, kama humwachi, mpe sura moja aseme kwa nini anaogopa kurudi kwao.

Jambo la mwisho, halafu nakuacha ukaandike. Kila anayetolewa, mfuate japo kwa kurasa mbili: gari linalomrudisha, mzigo wake, nani anamngoja mlangoni na kwa uso gani. Wahariri wengi watakuambia ukate, inapunguza kasi. Mimi ningekata usiku wa dansi wa pili na wa tatu. Wa kwanza unatosha.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mvulana wa miaka 17 na hivi vitabu navisoma kwa kuvifunika jalada. Swali langu: mbona wanamfalme wote ni wazuri, wapole na hawana akili yao wenyewe?*
— Jalada la Kitabu cha Hesabu

Marahaba. Swali lako limenichekesha, na umeliona vizuri. Mwanamfalme wa vitabu hivi mara nyingi ni kikombe cha ushindi kilichovalishwa suti. Waandishi wanaogopa kumpa tabia, maana mwenye tabia hukosea, na akikosea sana msomaji atataka ashindwe.

Ukweli wa kihistoria ungewasaidia. Mikhail wa Urusi alikuwa tsari, alimpenda Maria Khlopova, na hakuweza kumwoa kwa sababu mama yake alikataa. Hebu mwandike huyo! Kijana mwenye taji asiye na uwezo wa kumtetea mtu mmoja. Maxon naye ana baba mkali, na anakuwa mtu hasa pale tu tunapoelewa anamwogopa kiasi gani.

Ukitaka kuona mambo yakigeuzwa, Cass alitoa The Heir mwaka 2015. Humo anayechagua ni binti mfalme, Eadlyn, na wanaoletwa kasri ni wavulana 35. Kuna wanaomchukia Eadlyn kwa kiburi chake. Mimi kiburi chake ndicho kilichonishikilia. Soma uone itakuwaje kusimama upande wa wanaokaguliwa. Na jalada la hesabu livue, hakuna anayeamini kwamba mtu hucheka namna hiyo akisoma aljebra.

*Shangazi, kwa kifupi: amchague Maxon au Aspen?*
— Timu Aspen

Sijibu. Barua ya mwisho niliyoijibu kuhusu jambo hili ililetewa majibu mpaka na watu wasiosoma vitabu.

*Nianzie kitabu kipi, na nifuate mpangilio gani?*
— Mgeni

The Selection cha 2012, The Elite cha 2013, The One cha 2014. Hapo hadithi ya America imekwisha na unaweza kupumzika. Kisha The Heir na The Crown, vya 2015 na 2016. Kuna na hadithi fupi za pembeni. Ziache mpaka umalize vitatu vya mwanzo. Usikubali rafiki akuazime The Heir kwanza kwa sababu ndicho alicho nacho: ukurasa wa kwanza tu utakuambia nani aliolewa na nani.